Kanga Wamerudi kwa Miguu

Jumanne, 8 Aprili 1975

Mvua tangu alfajiri. Kanga wameshuka kutoka kwenye mfenesi wamelowa, wamenuna, wananipigia kelele kana kwamba mvua nimeileta mimi. Ishirini na sita wamekuja kula. Majike watano hawakuonekana, maana yake wanatamia vichakani. Vizuri. Sitawatafuta.

Nimepata kiota kingine nyuma ya choo. Mayai kumi na moja. Nimetoa saba kwa upawa, nikaacha manne. Mkono haugusi kiota, marehemu mume wangu alinifundisha hivyo. Ukigusa, jike anahama, kisha utamtafuta mpaka uchoke.

Sukari hakuna, wiki ya tatu. Chai kavu.

Saa tano kanga wakalipuka kwa kelele, wote kwa pamoja. Gari la Kapteni wa jeshi. Nikatazama nyumba ya pili, jirani yangu Mwalimu alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, anaelekea kwenye mafunjo. Anafundisha chuoni Kyambogo, au alikuwa akifundisha. Wenzake wawili wamechukuliwa na askari, hawajaonekana tena. Tangu hapo anaishi kwa masikio ya kanga wangu. Wakilia, anapata dakika tano. Kutoka kwake hadi kinamasini ni dakika nne.

Gari lilipita tu, halikusimama.

Jumatano, 9 Aprili

Leo limesimama. Kwangu.

Kapteni mwenyewe, na dereva. Anakaa ng'ambo ya kinamasi, katika ile nyumba kubwa iliyoachwa na Wahindi walipofukuzwa mwaka wa 72. Kanga walimzunguka wakimzomea. Nilidhani atafyatua risasi. Akacheka. "Mama, hii ndege yako iko kali sana. Inashinda askari yangu." Anawataka wote, wakalinde lango lake. Jumamosi watu wake watakuja.

Hakuniuliza kama nauza. Hakuniuliza chochote. Amekunywa maji yangu, akaondoka.

Nimekisugua kikombe chake kwa majivu mara mbili, kwa hasira. Woga nao upo, nisijidanganye. Hasira ni nyingi zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kaka Swaleh kapanda baiskeli kutoka Kibuli, habari zimeshamfikia dukani. Kaja na kofia yake ya Ijumaa ingawa leo si Ijumaa. Anasema niwatoe kanga, niongeze na mbuzi, nitabasamu. "Zuhura, mkono usioweza kuukata, ubusu."

Nimemwambia midomo yangu ina kazi nyingine. Abusu yeye.

Kanuna. Nami nikanuna. Babu yetu alitoka pwani kwa miguu akiwa na Msahafu na gunia la shanga, hakubusu mkono wa mtu njiani. Leo mjukuu wake ananifundisha kutabasamu! Nilimkaangia mayai hata hivyo, akala, akaondoka bila kuaga vizuri. Ananipenda, najua. Lakini mapenzi yake yana magoti laini mno.

Nimemweleza Mwalimu. Akasema, "Nnyabo, mama, usife kwa ajili yangu." Nikamwambia sina mpango huo.

Jumamosi, 12 Aprili

Askari sita wamekimbiza kanga asubuhi nzima. Wallahi sijawahi kuona. Mmoja kaanguka kwenye shimo la taka. Mwingine kamshika mmoja mkia, kabaki na manyoya. Kanga juu ya paa, kanga juu ya mfenesi, wanawatukana kwa lugha yao. Nilikaa kwenye mkeka nachambua maharage, nikang'ata ukingo wa leso nisicheke.

Kisha Kapteni akaja, na hakuna aliyecheka tena. Kasema nisipowakamata mimi, nitaingia mimi kwenye gari badala yao.

Nimewakamata. Niandike ilivyokuwa. Nimekwenda kwenye banda la kuku, nikagonga bakuli la mtama kama kila siku, wakaingia mmoja mmoja nyuma yangu, wananiamini. Nikafunga mlango. Ishirini na sita ndani ya matenga ya ndizi. Nimeona haya mbele ya ndege.

Dereva ni kijana mpole wa kaskazini. Kaniuliza wanakula nini. Mtama na wadudu. Wanalala wapi? Juu ya mti. Wakifika awafanyie nini? Nikamwambia kanga hapendi kufungwa. Kaniitikia kwa heshima, "Asante mama."

Kila nililosema ni kweli. Ambalo sikulisema ni hili: kanga mkubwa ukimhamisha, umfungie bandani wiki sita. Ukimwachia kabla, anageuka alikotoka. Mwaka wa kwanza nilinunua kumi na wawili, nikawaachia siku ya pili, na jioni sikuwa na hata mmoja. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Angeuliza Kapteni mwenyewe, ningejibu. Lakini nani amuulize mwanamke mzee wakati bunduki iko mkononi?

Na majike watano walio vichakani, hakuna aliyewataja.

Jumatatu, 14 Aprili

Kimya. Nasikia hata bomba la jirani linavyodondosha maji. Niliwahi kuwalaani kwa kelele zao. Mungu anisamehe.

Saa sita mchana Mwalimu alikuwa jikoni kwangu anakunywa chai kavu. Nikainua macho, gari la jeshi limeshapita mkunjo wa barabara. Hatukusikia kitu! Hakukuwa na nafasi hata ya kufika mlangoni. Kalala nyuma ya magunia ya makaa, nami nikamtupia ungo na vikapu juu. Walikwenda kwake. Tulisikia wanavunja. Wamechukua redio na sanduku la vitabu. Mmoja kaja hadi kibarazani kwangu, kaomba moto wa sigara. Nimempa kijinga cha moto kutoka kwenye jiko lile lile. Mwalimu alikuwa hatua tatu kutoka kwenye mguu wake.

Walipoondoka, kainuka mweusi uso mzima, kasonya, kasema, "Sasa nimekuwa mwalimu wa makaa." Tukacheka, kisha nikalia. Nimechoka kuogopa nyumbani kwangu mwenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Mmoja kwenye paa!

Asubuhi, natia udhu, nikasikia. Nikadhani masikio yangu yananidanganya. Dume, yule mwenye kidole kilichokatika. Matope hadi tumboni. Amevuka kinamasi kwa miguu. Nimepiga vigelegele peke yangu uani, mwanamke wa miaka hamsini na saba.

Adhuhuri wanne. Jioni kumi na wawili, wamepanda mfenesi kama watu waliotoka safari na hawataki maswali.

Alhamisi, 17 Aprili

Kumi na tisa. Saba hawajafika. Pengine mbweha, pengine sufuria la Kapteni. Nimewaombea rehema.

Kaka Swaleh kaleta chumvi. Kawaona, kakaa chini pale pale kibarazani, kofia mkononi. Anataka niwachinje leo leo kabla Kapteni hajajua. Nimekataa. Nimewatoa mara moja kwa mikono yangu. Mara ya pili aje achukue mwenyewe.

Kaka kasema nitaponza ukoo mzima. Inawezekana. Sikulala vizuri kwa neno hilo.

Ijumaa, 18 Aprili

Saa nne. Kanga wakalipuka, na gari bado halijafika hata mkunjoni. Mwalimu kapita mbele ya dirisha langu mbio, kapotea kwenye mafunjo. Dakika tano kamili. Enyi kanga!

Kapteni kasimama langoni, kanga kumi na tisa wanamzomea. Uso wake ulibadilika. Alinijia karibu sana.

"Mama, umefanya dawa."

Nikamwambia nimewalea kwa mtama na Bismillahi, sina dawa nyingine. Lango liko wazi, chukua tena. Watakuja tena. Niliongea kama ninavyoongea na watoto ninaowafundisha madrasa wanapochelewa.

Askari wake walikuwa wamerudi nyuma hadi kwenye gari. Hakuna aliyetaka kugusa kanga hata mmoja. Hilo sikulipanga. Mjinga hajui tabia ya ndege, basi anaona uchawi.

Akatoa bastola. Nikasoma shahada. Akampiga yule dume wa kidole kilichokatika, juu ya paa langu, akaanguka miguuni pangu. "Kula," kasema. Wakaondoka.

Sijamla. Hakuchinjwa. Nimemzika chini ya mfenesi, na nimemlilia, na sioni haya.

Jumapili, 20 Aprili

Mwalimu ameondoka. Njia ya mpakani, na mtu anayeijua. Kaniachia baiskeli na miwani ya akiba. Miwani ya nini sasa? Nimeiweka kabatini.

Kanga wamelia mara tatu leo. Kila mara nimetazama mlango wake wa nyuma.

Jumanne, 6 Mei

Barua kupitia duka la Kaka, bila jina, mwandiko wa Mwalimu, maneno manne: "Hapa nasikia jogoo tu." Kaka kaileta mwenyewe, na hakunihubiria. Kauliza kama nina mayai ya kuatamisha. Nikamtazama. Kasema Kibuli nako magari ya jeshi yanapita.

Alhamisi, 8 Mei

Umande mwingi. Majike wawili wametoka vichakani na vifaranga. Nimewazuia bandani mpaka jua likaushe nyasi, kifaranga wa kanga hufa kwa kulowa.

Nimetoa mayai arobaini na mawili kwa upawa, nikayapanga kwenye kikapu cha pumba. Nyumba tatu za bondeni, na ya nne ya Kaka. Kila nyumba ina kuku anayetaka kulalia.

Nimekaa na kila mtu, nikamweleza yote. Mkono usiguse kiota. Siku ishirini na nane, si ishirini na moja kama mayai ya kuku, kuku asiondolewe mapema. Vifaranga wasitoke kabla ya jua. Na ukimpa mtu kanga mkubwa, mwambie amfungie wiki sita. Mke wa fundi hakuelewa, nikarudia toka mwanzo.

Gari la Kapteni lilipita saa kumi. Kanga walilia. Sikuinuka, nilikuwa namwonyesha mke wa fundi kushika upawa.