Kikao cha Wapishi Kuhusu Samli Iliyoungua

CHAMA CHA WAPISHI WA SHEREHE
Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 9, jikoni kwa Mwenyekiti (sebule inapakwa rangi)

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, mkunga mstaafu
Mama Mkubwa, mpishi wa samli tangu chama kianze
Wifi yake Mwenyekiti, mpishi wa wali
Katibu, mshonaji

ASIYEHUDHURIA
Mama Pacha, kwa udhuru (pacha mmoja ana homa, mwingine anamwigiza)

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa tisa na nusu, baada ya kumsubiri Wifi. Wifi alisema saa yake haina kasoro.

KUMB. NA. 2/9: SAMLI YA HARUSI
Wifi alilalamika kwamba samli ya harusi ya juzi iliungua na wali wote ukawa mchungu. Bwana harusi alimuuliza kama amepikia mafuta ya taa. Alipendekeza chama kihamie mafuta ya dukani, na Mama Mkubwa "apumzike sasa, jamani".

Mwenyekiti alipinga. Alieleza kwamba samli huvumilia moto mkali, hukaa miezi bila jokofu, na kijiko kimoja hunukiza sufuria nzima. Wazazi wote aliowazalisha walikunywa uji wa samli, na hakuna aliyeomba mafuta ya dukani. Katibu aliongeza kwamba marehemu mama yake alimpaka samli kwenye visigino kila Ijumaa. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike tu.

KUMB. NA. 3/9: MAELEZO YA MAMA MKUBWA
Mama Mkubwa, aliyekuwa ameinjika siagi jikoni kabla ya kikao, alieleza kwamba tangu homa ya mwezi wa tatu hasikii harufu yoyote, hata ya soksi za wajukuu. "Niliona haya kusema, wanangu. Mkinitoa kwenye samli, mimi nabaki nani?"

Alieleza kwamba mama yake alikuwa akiwanyamazisha watoto wote tisa anapopika samli, maana yenye maji hupiga kelele, na ikiiva hunyamaza. Tangu pua imkimbie amekuwa akisikiliza sufuria. Harusini spika iliwekwa nyuma ya jiko.

Wifi aliuliza mbona hakumwambia. Mama Mkubwa alijibu, "Ungetangaza."

Mwenyekiti aliamuru kimya. Sufuria ilipayuka, ikapunguza, ikanyamaza. Mama Mkubwa akaipua. Samli ilikuwa safi, rangi ya asali. Katibu alimkumbuka mama yake.

KUMB. NA. 4/9: MAAZIMIO
Mama Mkubwa anabaki kwenye samli. Spika isikaribie jiko. Wifi atakuwa pua yake, na mdomo wake ataufunga.

KUMB. NA. 5/9: MENGINEYO
Mama Mkubwa aliomba iandikwe jinsi samli ilivyonukia, ili awe anasomewa. Katibu alishindwa. Wifi, aliyesoma darasa moja na Katibu, alisema huku akifuta machozi: "Andika. Inanukia kama tunatoka shule, tuna njaa, na mama yako amesimama mlangoni na kijiko, anauliza nani amenawa."

Katibu alimsomea. Mama Mkubwa alifumba macho, akasema, "Ndiyo hiyo."

Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasoro robo, baada ya sufuria kukombwa kwa mkate.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: .................... (doa lililo hapa ni la samli)