Jinsi Nilivyouvuka Rupnarayan

Kolaghat, 2 Julai 1979

Mjukuu wangu Shyamali,

Kuna jambo nimelificha tangu siku za kupigania uhuru. Mto Rupnarayan sikuuvuka kwa kuogelea. Sijui kuogelea, hata bwawani hapa nyumbani naishia magotini.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa kuwa daktari anasema moyo wangu umechoka kungoja. Sasa salamu: u mzima? Huko Kalkuta mvua zikoje?

Nimesikia baba yako ameikataa posa ya Tapas, ati babu yake, Darogha Kshirod Samanta, ndiye polisi wa Waingereza aliyetumwa kunikamata. Usimpe kijana jibu bado.

Babu yako,
Bhupati


Kalkuta, 9 Julai 1979

Babu mpendwa,

Nashika miguu yako. Mimi mzima, ila usingizi sina. Dawa unakunywa, au unamwagia maua?

Babu, una vituko! Kila Agosti watoto wa shule wanaigiza ulivyoogelea usiku ule, na wewe umekaa kiti cha mbele unapiga makofi! Sasa ulivukaje?

Baba ameniandikia, "Sitakaa mkeka mmoja na mjukuu wa mbwa wa Waingereza." Kwao Tapas wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha, la sivyo watamtafutia mwingine. Kama una neno, mwambie Baba. Mimi sihitaji kushawishiwa.

Mjukuu wako,
Shyamali


Kolaghat, 24 Julai 1979

Shyamali mwanangu,

Najua umengoja. Pumzi ilinikatika, nikalala wiki mbili. Leo nina nafuu, lakini mkono unatetemeka, kwa hiyo mimi nasema na baba yako anaandika. Ndiyo maana mwandiko unasomeka. (Anasema niache kumsifu, niendelee.)

Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya Bhai Phonta. Bibi yako Nirupama, dada yangu, alikuwa amefunga, maana dada hali kitu siku hiyo mpaka amtie kaka yake alama ya msandali kwenye paji la uso. Nilitoka mafichoni kwenda kwake kwa ajili hiyo tu. Kosa la kijinga. Kila polisi wa Kibengali alijua leo wanaume watakuwa kwa dada zao.

Darogha akaingia peke yake, askari wamebaki barabarani. Mimi niko ghalani, nimejikunja nyuma ya mpunga. Nirupama akamtazama, sahani ya msandali na vitu vitamu mkononi.

"Umekuja na bastola kwa mtu aliyefunga? Huna dada wewe?"

"Sina."

"Basi vua kofia, ukae."

Akakaa kama mtoto. Nirupama akamtia alama, akamlisha kitamu kwa mkono wake, kisha akamwambia, "Sasa wewe ni kaka yangu. Na uliyemfuata ni kaka yangu pia. Amueni wenyewe."

"Dada, umeniua," akasema Darogha, na kitamu bado kimo mdomoni. Akafungua mlango wa ghala, akaanza kuvua koti.

Nikamaka, "Mimi nguo za Waingereza nimezichoma sokoni! Sivai!"

"Basi vaa kamba yao shingoni," akajibu Nirupama.

Darogha aliniapisha nisiseme, maana wangemfunga. Akafariki kabla ya uhuru. Kiapo kilikwisha hapo, lakini watu walikuwa wamekwisha kutunga habari ya kuogelea, nayo ikanipeleka bungeni. Nikanyamaza. Mtu aliyeniokoa akaitwa mbwa nyumbani mwangu, nami nasikia.

Baba yako ameweka kalamu chini. Ameiokota tena. Anasema akina Samanta waje Jumapili, na yeye mwenyewe atakwenda kuchagua samaki wa kuwapikia. Mwanangu, tangu asubuhi navuta pumzi mpaka chini kabisa.

Haya, andika, nimalize. Niliuvuka mto kwa daraja la reli, mchana kweupe, nimevaa koti na kofia ya Darogha Samanta. Askari wawili wa lindo walinipigia saluti, nami nikaitikia.

Babu yako,
Bhupati