Rakaa ya Tano

Somanga, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima naitangazia Nyangamara nzima kwamba mwanao, bondia mstaafu na mkaanga samaki wa barabarani, ameswalisha Alasiri ya rakaa tano.

Bega lako limepoa? Korosho zimeanza kudondoka? Sisi wazima. Mkweo Zuhura ameniandikia ukutani kwa mkaa, ZIMA JIKO, na tangu hapo samaki hawaungui sana.

Basi, imamu wetu alikwenda Njinjo, wakanisukuma mbele, nadhani kwa sababu ya weupe wa kanzu yangu tu. Badala ya kuishia ya nne, nikainuka kwa rakaa ya tano. Wakasema nyuma, "Subhanallah!" kunikumbusha, nami nikadhani wamenogewa. Tulipomaliza, pamoja na sijda mbili za kusahau, Mzee Bakari muuza madafu akauliza, "Bondia, hiyo ya tano umeitoa wapi?"

"Nyongeza, mzee."

"Nyongeza tuwekee kwenye samaki!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya jiko.

Salamu nazitanguliza kabla sijazisahau: kwa shangazi msuka mikeka, kwa mdogo wangu Hamisi, na kwa Dada Asha anayekusomea. Dada, kuanzia hapa usiruke mstari. Kwa simu nimeshindwa; nikisikia sauti ya mama tu, naanza mzaha.

Mama, siku tulipomzika baba walisema mtoto mkubwa ndiye aswalishe. Nikasema goti linauma, nikamtanguliza Hamisi. Ukaniuliza, "Baba yako amekuwa mzigo kwako?" Tangu siku ile maneno yako kwangu yamekuwa machache.

Goti langu zima. Hata ngumi sikuziacha kwa ajili ya goti. Pambano la mwisho, kule Dar, niliangushwa, na nilipozinduka nikamuuliza kocha tunaanza saa ngapi. Daktari akasema kichwa kimetikiswa mara nyingi mno, nikome. Tangu hapo mambo yananitoka, hesabu kwanza. Ile Alasiri niliikubali ili nijipime, labda nimepona. Umeona mwenyewe.

Swala ya jeneza ina takbira nne. Niliogopa kumpunguzia baba moja, mbele ya watu wake wote. Nikasimama safu ya nyuma, nikazihesabu kwa vidole ndani ya mkono wa kanzu. Zilitimia, mama. Hamisi hakukosea.

Mwanao,
Saidi