Msumari wa Picha ya Mama Yako

Baba Watoto,

Usiwashe swichi kubwa, nimeizima mimi. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi nilisikia harufu ya mbao kuungua. Nikapapasa ukuta wa sebuleni pale ulipotundika picha ya mama yako, nikakuta una joto. Msumari wako umetoboa waya. Fundi umeme alikusihi usigongelee mbao za ukuta huo kabla hajaweka vibati vya chuma vya kukinga waya unaopita nyuma yake, ukamjibu nyumba ni yako. Sikio la kufa halisikii dawa.

~~Leo tunalala kwa dada yangu.~~ Nimemfuata fundi, nitarudi naye. Msumari usiuguse. Mama yako nimemshusha, yuko kabatini, hana kosa.

Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kitindamimba wetu analaza kichwa.

Mama Watoto