Ziwa Lililohama

Mbukum, wakati wa kupalilia mahindi

Mpwa wangu mpendwa Wirngo,

Nakusalimu sana huko pwani unakofundisha. Je, ile homa imekuachia? Sisi wazima, ila mama yako halali vizuri, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Yule Daktari Harnisch, Mjerumani anayepima milima, unamkumbuka. Alipanda kileleni akachemsha maji, eti yamwambie kimo cha mlima. Wanawake wakamuuliza viazi vikuu vya kupika viko wapi. Basi kati ya wasimulizi wote wa nchi hii, alinichagua mimi! Mimi nikisimulia, mbuzi huacha kula. Akaniketisha hemani, sisi wawili tu, akaandika mpaka wino ukamwishia.

Nilimpa hadithi ya ziwa letu: jinsi lilivyowakasirikia watu wa Ntisaw, kijiji cha ng'ambo, likajikunja kama mkeka, likaruka na samaki wake, likatua kwetu. Domo langu likaongeza kwamba kambare mmoja alimwangukia babu kichwani. Kwetu msimulizi akipumua, wasikilizaji huitikia, "Mwongo wee, endelea!" Hemani hapakuwa na wa kuitikia. Daktari akaandika yote kama ushahidi, akampelekea mkuu wa serikali pamoja na ramani: ziwa asili yake ni Ntisaw. Kisha akaenda zake milima mingine.

Ntisaw wakalidai. Mkuu akaja na askari kuamua. Mfalme wetu akaniambia domo lililolipeleka ziwa ndilo litakalolirudisha. Nikamjibu hiyo kwangu kazi ndogo. Nikasimama mbele ya umati, nikaisimulia upya, tamu kuliko mwanzo. Nilipofika kwenye kambare nikanyamaza, nikangoja waitikie, "Mwongo wee!" ili mkuu ajue ni hadithi tu.

Wirngo, hakuna aliyefungua kinywa. Baadaye walinieleza: waliona bunduki, wakadhani wakiniita mwongo mbele ya mkuu nitafungwa. Walininyamazia kwa kunipenda. Nikapiga kelele mwenyewe kwamba mimi ni mwongo, mwongo mkubwa! Mkuu akacheka, akasema huyu sasa anamwogopa mfalme wake. Akatia sahihi kwamba ziwa ni la Ntisaw.

Jana mama yako alimpelekea marehemu baba yako mafuta ya mawese na chumvi pale ziwani, wanakokaa wafu wetu. Vijana wa Ntisaw wakamrudisha, wakimwita bibi mwizi. Ameketi jikoni na kibuyu chake. Hanilaumu. Ananiuliza tu baba yako sasa atakula wapi, nami, mimi huyu, nakuuliza wewe.

Msalimie mkeo na mtoto. Jirani zetu wote wanakusalimu.

Ni mimi mjomba wako,
Tamfu