Binti Yangu Arushwe na Rubani Anayejifunza?

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na unisamehe nikiandika kwa ukali, kwa maana hasira yangu haijashuka tangu Jumamosi. Binti yangu Inès ana miaka kumi na saba na yuko kwenye klabu ya kadeti, wale vijana wanaofundishwa mambo ya jeshi la anga, na kwenye kikao cha wazazi waliongea Kiswidi cha haraka, na mimi Kiswidi changu ni cha kazini, cha ndoo na sakafu, kwa hiyo Inès akanitafsiria kama anavyonitafsiria kila mahali, akasema kadeti watarushwa na rubani wa jeshi, nami nikafurahi nikatangaza hadi kanisani. Siku ikafika, tukaenda uwanjani mimi na mume wangu Janvier na rafiki yangu Béata ambaye ni muuguzi, namwona huyo rubani, kijana hata ndevu hana, nikamuuliza, Béata akinitafsiria, alianza kurusha ndege lini, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba bado yuko masomoni, na kwamba kuwabeba kadeti ni sehemu ya mazoezi yake, wao wanaonja kuruka na yeye anazoea kubeba watu. Mshauri, anajizoeza na mtoto wangu. Nikamvuta Inès kutoka kwenye foleni mbele ya wenzake wote, nikamwambia yule kijana akajifunze na mtoto wa mkubwa wake.

Nyumbani Inès akakiri kwamba habari ya mafunzo aliisikia kikaoni akaiacha makusudi. "Kwa sababu ungekataa, mama," akasema, halafu akaniuliza kama nimesahau kwamba kusuka nilijifunzia kwenye kichwa chake. Tangu hapo ananijibu kwa Kiswidi tu. Janvier anasema nimwache, eti hata yeye kule Bujumbura alijifunza kuendesha lori likiwa na watu nyuma. Jumamosi hii wanaruka tena. Nimkataze?

Mama Inès, Jordbro

Mama Inès, hasira yako naielewa, na sehemu yake ninayo mimi pia. Nywele zikisukwa vibaya zinafumuliwa. Ndege haifumuliwi, na binti yako analijua hilo, ndiyo maana alikuficha. Na Janvier mwambie amshukuru Mungu kwa lile lori, asilifanye mfano.

Walioniudhi zaidi ni viongozi wa klabu. Walimwona mtoto akimnong'oneza mama yake, mtoto huyohuyo anayetaka ruhusa, na hakuna aliyeuliza kama mama ameelewa. Anayesomea urubani anahitaji mazoezi, sikatai, na huenda kila kitu kimepangwa vizuri. Lakini mzazi anaambiwa waziwazi, kwa lugha anayoielewa, mtoto wake anarushwa na nani, kabla mtoto hajafunga mkanda.

Sasa nikugeukie wewe. Nani alimfanya Inès kuwa masikio yako? Bila shaka umekwenda naye kwa daktari, kwa mwenye nyumba, hata shuleni kwake mwenyewe, mpaka akajua kwamba unasikia kile tu anachoamua yeye. Wewe unashangaa amekuficha, mimi nashangaa amechelewa. Na yule kijana ulimkosea. Katika habari hii yote ndiye wa kwanza kukwambia ukweli, na ndiye uliyemfokea mbele ya watu.

Fanya hivi. Wapigie klabu kabla ya Jumamosi, uombe kikao na mkalimani mtu mzima. Wakikosa, nenda na Béata. Uliza: mwalimu anakaa ndani ya ndege au anabaki chini? Huyu kijana amepimwa na kuruhusiwa kubeba abiria? Hali ya hewa ikigeuka, nani anasema leo haturuki? Wakikujibu vizuri, mwache aruke, na umpe mkono yule rubani umwombe radhi. Wakikwepa swali hata moja, Inès habanduki ardhini, anune apendavyo, kwa Kiswidi au kwa lugha yoyote.

Na kwenye kikao hicho usiende naye. Abaki nyumbani akisubiri, na ukirudi, wewe ndiye utakayemweleza walichosema.