Miami Hawakufungwa

Ansab, Muscat
Desemba 9, 2003

Kaka Godfrey,

Shikamoo! Mgongo wa mama vipi, na kikohozi chako kimeisha? Mimi mzima, nimenenepa mpaka utanicheka.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Kurasa tatu, kaka, zote kunigombeza kwa sababu nilijibu swali lako la mpira wa Kimarekani kwamba Buffalo walichukua Super Bowl mara nne mfululizo! Ukasema walifika fainali nne wakapigwa zote, na kwamba kitabu cha mpira huo alichotuachia yule mwalimu Mmarekani nilikuwa nakitumia kama mto. Bi Balqees, mama wa nyumba ninayofanya kazi, alinikuta jikoni nacheka peke yangu. Nikamwambia kaka yangu kanitukana. Akaniambia kweli nimepata wazimu.

Huyu mama ana mtoto wake, Aws, kasoma Marekani. Akiwasha mpira wao, mama yake humuuliza hao wanaume wazima wanaangukiana kugombea papai au nini. Mimi najifanya napiga pasi, kumbe macho yako kwenye TV.

Sasa usikasirike. Ijumaa Aws alimuuliza rafiki yake Sleiman timu gani ina nembo upande mmoja tu wa helmeti. Sleiman akakosea. Nikadakia: Pittsburgh, upande wa kulia! Aws akageuka, akaniuliza timu ipi ni mali ya mashabiki wake. Green Bay! Akauliza tena, nani alikimbia na mpira mpaka mwisho wa upande wa timu yake mwenyewe? Jim Marshall wa Minnesota! Maswali tisa, kaka, sikukosa hata moja. Bi Balqees akamwambia mwanawe kumbe angenipeleka mimi Marekani, yeye abaki na pasi.

Umeshaelewa? Ya Buffalo nilikuwa naijua. Hata ya Miami, waliomaliza msimu mzima wa 1972 bila kufungwa. Nilikosea makusudi. Mwaka juzi nilikujibu yote sawasawa, ukakaa miezi minane hujaniandikia. Nikikosea, barua inakuja mbio, na katikati ya matusi unanitajia mvua, migomba, mama kacheka nini. Nilikuwa natafuta hayo tu.

Mkataba unaisha Machi. Bi Balqees anataka niongeze miaka miwili, nimemwomba anisubiri. Kwa hiyo swali langu safari hii halimo kitabuni: nikirudi, kitanda changu bado kipo chumbani kwa mama, au mmeshazoea bila mimi? Hili silijui, kweli.

Mwambie mama namsalimia, nimeota anasonga ugali.

Mdogo wako,
Evodia

Na ukiona uvivu kujibu, basi mimi nasema Miami mwaka ule walifungwa. Mara mbili. Haya, nisahihishe.